Mama Gesi wa Meinong na Miaka Kumi Aliyoishi Peke Yake

Ndugu, majirani na marafiki mliofika asubuhi hii, kwa niaba ya ukoo wa Liu na ukoo wa Ku tunaomba mtulie kidogo tumsindikize mama yetu kwa habari zake mwenyewe, na atakayecheka asione haya, kwa kuwa marehemu hakupenda nyuso zilizonuna.

Marehemu Ku Yin-mei alizaliwa tarehe 14 Machi 1937 hapa hapa Meinong, binti wa tatu wa mkulima wa tumbaku, na kwa maelezo ya mama yake siku hiyo nyumba nzima ilikuwa bandani ikifunga majani kwenye vijiti, mkunga akachelewa, mtoto akaja bila kumsubiri mtu, tabia ambayo hakuiacha hadi mwisho wa maisha yake.

Alianza shule mwaka 1944, wakati Wajapani wakitawala Taiwan yetu, akasoma mwaka mmoja ndipo vita vikafunga shule, na ilipofunguliwa tena walimu walikuwa wengine na lugha nyingine, ikabidi aanze upya, akamaliza darasa la sita mwaka 1951, na tangu hapo akapenda kusema kwamba amefundishwa kuhesabu kwa lugha mbili na katika zote mbili aliambiwa akae chini anyamaze.

Baada ya shule alifanya kazi katika mashamba ya tumbaku ya baba yake, na tarehe 22 Novemba 1958 alifunga ndoa na Liu Ting-fa, dereva wa lori la kinu cha mpunga, wakajaliwa watoto wawili, Shih-hung aliyezaliwa mwaka 1960 na Hui-chen aliyezaliwa mwaka 1964. Mwaka 1969 mume na mke walifungua duka la mitungi ya gesi kwenye barabara ya sokoni, yeye akikaa dukani na mume akisambaza, mpaka tarehe 3 Agosti 1989 mume wake alipofariki ghafla kwa kiharusi, watu wakatarajia kwamba mjane atauza duka, naye siku ya kumi na tano akavaa kofia ya pikipiki ya marehemu, ikiwa kubwa hata ikamfunika nyusi, akafunga mtungi nyuma na kwenda kuupeleka. Kwa miaka kumi na minane alibeba mitungi begani mpaka jikoni mwa watu, wengi wenu mlioko hapa mkiwemo, ndipo mji mzima ukamwita Mama Gesi, na mwaka 2007, akiwa na miaka sabini, akamwachia duka mpwa wa mumewe.

Sasa tuseme habari ya anguko lake, kwa sababu mwenyewe alikuwa akiisimulia kwa kila aliyeketi karibu naye. Asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2014 alikuwa akipiga deki bafuni, amevaa ndala zilizolika nyayo, simu ikalia sebuleni, akaikimbilia, mguu ukateleza, akavunjika nyonga. Alilala pale sakafuni mpaka saa nane mchana, alipoingia jirani na rafiki yake wa miaka mingi, Bibi Fu Chiu-hsiang, kumletea figili zilizokaushwa, na mtu aliyekuwa amepiga simu ile, ikaja kujulikana baadaye, alikuwa anauza bima ya ajali.

Alifanyiwa upasuaji, na alipotoka hospitalini Shih-hung alimpeleka kwake Taipei, ghorofa ya saba, akimwambia, "Mama, safari hii sikuombi ruhusa." Marehemu, ambaye maumivu yalikuwa yamemnyang'anya ubishi, alijibu, "Basi usiniombe, nipakie."

Tunataka ijulikane kwamba huko alitunzwa kama yai. Mkwe wake Pei-fen alimletea chai alipokaa, akamkatia matunda, akamvalisha soksi, na kila alipojaribu kusimama aliambiwa, "Kaa tu, Mama, nitaleta mimi." Alikwenda Taipei akitembelea mkongojo, na kufika mwezi Machi hakuweza kufika chooni bila kushikwa. Asubuhi moja alijaribu kuinuka kwenye kochi, hakuna palipomuuma, na bado hakuweza, na alikuja kumwambia Hui-chen kwamba hofu aliyoipata kwenye kochi lile ilizidi ile ya sakafu ya bafuni, maana sakafuni alijua kuna mfupa uliovunjika, lakini kochini hakujua ni nini kimekwisha.

Mezani siku hiyo aliweka kijiko chini akasema, "Mnanipenda mpaka miguu yangu imesahau kazi. Nirudisheni nyumbani."

Shih-hung, ambaye hajawahi kumpandishia mama yake sauti, siku hiyo alipandisha. "Na ukianguka tena, Mama? Ulale sakafuni mpaka nani aje?"

Marehemu aliomba apelekwe kulala. Kutobisha kwake wanawe hawakukuzoea, wakadhani amekubali. Asubuhi alimkuta mwanawe anafunga viatu, akamwambia, "Swali lako la jana ni la haki. Nitafutie mtu wa kunifundisha kuinuka."

Akatafutiwa binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Tseng I-ting, ambaye leo amesafiri kutoka Taipei kuwa nasi, na yeye alimfundisha kuinuka kitini bila kushika popote, kusimama kwa mguu mmoja kando ya sinki, kutembea kisigino mbele ya kidole, na zaidi ya yote kuinuka kutoka sakafuni, kugeuka ubavu kwanza, kutambaa hadi kwenye kiti, kushika, kupumua, ndipo kusimama. I-ting ametusimulia kwamba mama alilia wiki ya kwanza, akatukana wiki ya pili, na wiki ya tatu akauliza kama kuna mazoezi mengine. Daktari naye alipitia dawa zake zote akakuta kidonge cha usingizi kikimpa kizunguzungu asubuhi, akakiondoa, na mtoto wa jicho lake la kushoto ukatolewa, na marehemu alipotazama vizuri alishangaa kumwona Shih-hung ana mvi, akamuuliza tangu lini.

Mama na mwana wakapatana. Sharti la mwana lilikuwa nyumba ibadilishwe, na sharti la mama lilikuwa kwamba daktari azungumze naye, si na wanawe juu ya kichwa chake, na kwamba jiko ni lake. Tarehe 16 Mei 2015 alirudi Meinong, akakuta vyuma vya kushikia bafuni, mpira wa kuzuia kuteleza, kizingiti cha jikoni kimeondolewa na taa imewekwa njiani mwa choo, na alipoulizwa kama amependa alisema pamekaa kama ndani ya basi, lakini basi zuri. Ndala zote nyumbani alizitupa mwenyewe, na za Bibi Chiu-hsiang akazitupa pia bila kuombwa. Wakakubaliana wao wawili kwamba kila asubuhi, baada ya chai, kila mmoja atampigia mwenzake simu, hata kama hakuna la kusema, na kwa kadiri tunavyowajua halikukosekana.

Pikipiki ndiyo iliyokuwa ngumu. Watoto waliomba, mpwa akaomba, yeye akawaambia kwamba alikuwa akiendesha hata kabla ya duka la gesi, wakati wao wakilia wamepakiwa mbele yake juu ya tangi la mafuta. Lakini mwezi Oktoba 2018, kwenye njia panda ya mfereji, gari la mboga lilipita mbele yake kwa kiasi cha mkono, na hakuwa ameliona kabisa. Kisha asubuhi moja alivaa vizuri, akaenda ofisi ya leseni, akairudisha leseni yake kwa hiari, karani akampongeza, na alipotoka nje ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa amefika pale kwa pikipiki. Alimpigia mpwa wake. "Njoo uchukue pikipiki. Na mimi pia, kama kuna nafasi." Mpwa anasema njia nzima mama alikaa nyuma akimwambia wapi pa kupunguza mwendo, na walipofika aliingia ndani akafunga mlango, na hakutoka mpaka jioni.

Wiki iliyofuata alinunua baiskeli ya magurudumu matatu yenye kikapu nyuma. Sokoni walimcheka, wakamuuliza kama mitungi sasa imekuwa midogo, naye akawajibu kwamba mtungi ni yeye mwenyewe. Kabla ya mwaka kwisha akina bibi wengine watano walikuwa na zao, wakawa wanakwenda kwa msafara hadi kituo cha wazee kula tambi za mchele na kufanya mazoezi aliyofundishwa Taipei, yeye mbele, akipiga kengele hata pasipo na mtu wa kumpisha.

Tarehe 20 Januari 2021 simu ya asubuhi kwa Bibi Chiu-hsiang haikupokelewa. Marehemu alivuka barabara, akamkuta rafiki yake amelala jikoni, sukari imeshuka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mtu aliyebeba mitungi miaka yote ile angetamani kumwinua, lakini alijua wakati huo kwamba wote wawili wangeishia sakafuni, hivyo akaita gari la wagonjwa, akamlaza ubavu, akaketi naye chini. Bibi Chiu-hsiang yuko hapa mstari wa mbele, na ametuomba tuseme kwamba alipopata fahamu maneno ya kwanza aliyoyasikia yalikuwa, "Kumbe figili zako hukuzianika vizuri, nimeziangalia."

Mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na moyo uliochoka, akapewa dawa, akakatazwa chumvi, jambo ambalo kwa mtu aliyekula mboga za chumvi tangu utoto lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe, lakini alitii, kwa sehemu kubwa. Aliendelea kupika na kuoga mwenyewe, akakubali muuguzi amtembelee kila wiki, na mwezi Februari mwaka huu miguu ilipovimba alikataa kulazwa tena, akamweleza daktari sababu zake, daktari akazisikiliza na kuzikubali.

Shih-hung alikuja tarehe 4 Aprili. Kwa miaka yote hii kila mama alipotembea yeye alikuwa na desturi ya kumfuata nyuma ametanua mikono, na mama alikuwa akimfukuza kama kuku. Asubuhi ile, akitoka kitandani kwenda jikoni, alisimama mlangoni akasema bila kugeuka, "Shih-hung, nishike mkono." Mwana akaruka akamkamata kwa mikono miwili. Mama akamwambia, "Taratibu. Sianguki. Nimetaka tu." Wakaenda hivyo hadi jikoni, akaketi, akamwagiza apike tambi, akamkosoa tangu maji hadi vitunguu, na akazila.

Alifariki kwa utulivu tarehe 11 Aprili 2025, alfajiri, chumbani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na minane, akiacha watoto wawili, mkwe mmoja na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliozungumza naye yeye na si sisi, binti yetu I-ting, wafanyakazi wa duka la gesi, wapishi wa kituo cha wazee, majirani wa barabara ya sokoni, akina bibi wa msafara wa baiskeli ambao tumeona mmeziegesha nje kwa mstari, na kwako Bibi Chiu-hsiang hatuna neno linalotosha, ila simu yako ya asubuhi sasa itapigwa na Hui-chen.

Mama, tunakwenda kukubeba sasa. Usikatae, tumejipanga sote, na tutakwenda taratibu. Pumzika kwa amani.