Mama Robo, Fundi wa Shingo za Besi

Miaka thelathini na moja na miezi minne! Muda wote huo amekaa meza ile ile ya dirishani, na Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Mama Robo anastaafu. Wengine humu karakana ya magitaa hatukuwa hata tumezaliwa alipoanza.

Alianza kama mpokeaji wa mizigo. Fundi wa zamani alipougua, yeye akashika bisibisi, na ndiyo ikawa moja kwa moja. Jina la Robo tulimpa sisi, kwa sababu akinyoosha shingo ya gitaa la besi anazungusha nati ya kile chuma kilichomo ndani ya shingo robo mzunguko tu, kisha anaenda kunywa chai mbao itulie. Mteja ana haraka? Na yeye atakunywa chai.

Lakini sifa yake kubwa ni kuwafundisha wateja kujirekebishia nyumbani. Bosi alilalamika kwamba anatufukuzia kazi. Wapi! Watu walizidi kuja. Mama aliwaambia vitu ni vichache: rula ya chuma iliyonyooka, taa nzuri, na spana ya pembe sita inayokaa barabara ndani ya tundu la nati yako wewe, si ya jirani. Plaizi iache jikoni.

Sasa niseme langu. Nilipoajiriwa nilikuwa fundi wa kujifunzia kwenye simu, mdomo mwingi. Nesi mmoja anayepiga besi, gitaa aliloachiwa na marehemu kaka yake, aliomba spana ya kwenda nayo nyumbani. Nikachomoa ya milimita, nikampa, wakati nati yake ilikuwa ya inchi. Nilijaribu kwenye gitaa jingine la dukani, nikaona karibu inakaa. Kufika kwake ikateleza, ikala kingo za tundu la nati, na shingo ikabaki imepinda kama upinde. Nesi alilia kwenye simu. Bosi akachapa barua ya kunifukuza, bado sahihi tu.

Mama Robo hakunigombeza. Alibeba mkoba wake akaenda kwa nesi, akanivuta na mimi. Pale mezani alichagua spana iliyozidi tundu lile kidogo, akaigonga taratibu mpaka ikashika, akazungusha robo. Tukasubiri. Robo nyingine. Saa tatu nzima! Shingo ikanyooka, nesi akapiga, na mimi ndiye niliyelia. Njiani mama akasema hivi tu: "Mwanangu, 'karibu inakaa' maana yake haikai."

Kesho yake alimwambia bosi kosa ni lake, kwa kuwa spana za inchi na za milimita zilichanganyika kwenye kopo lake. Uongo mtupu, kopo lilikuwa langu! Bosi akacheka, barua akaichana. Tangu siku hiyo hakuna spana inayotoka hapa kabla haijajaribiwa kwenye gitaa lenyewe, mwenye gitaa akiangalia.

Mama, ahsante kwa uvumilivu, kwa chai, na kwa uongo ule mmoja. Bila huo, wa kuagwa hapa ningekuwa mimi, tena bila keki. Nenda ukalale mpaka jua liwe juu, miguu ipumzike, wajukuu wakuchoshe kwa raha. Maisha yako ya mbele yawe mema kama ulivyoyafanya ya kwetu.