Delbert Haugen na Samaki wa Pima Thelathini

Marehemu Delbert Orrin Haugen alizaliwa tarehe 9 Mei 1947 mjini Depoe Bay, Oregon, mtoto wa pili wa Bwana Orrin na Bibi Thelma Haugen. Alimaliza sekondari huko Newport mwaka 1965. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa fundi wa misumeno katika kiwanda cha mbao mjini Toledo, na kila Jumamosi alikuwa miambani baharini, akivua kwa kujifurahisha.

Tarehe 16 Juni 1973 alimwoa Marlys Tveit. Siku ya pili ya fungate bibi harusi alimshinda kwa samaki saba dhidi ya wanne, na hakuacha kumkumbusha.

Kwa muda mrefu marehemu alikosea kama walivyokosea wavuvi wengi wa pwani hii. Samaki wa miambani akipandishwa kutoka kilindini huvimba hewa, macho yakamtoka. Ukimrudisha majini huelea tu, shakwe wakamla. Delbert alidhani anawaachia huru. Binti yake Karin alimweleza hayo mwaka 2004. Kesho yake Delbert aligeuza kreti ya maziwa kifudifudi, akafunga chubwi za kuizamisha pembeni na kamba juu. Samaki aliyevimba hubanwa humo akishushwa. Akifika kina chake hewa hunywea, naye hutoka kwa chini.

Saratani ya kongosho ilibainika Februari 2023. Tarehe 12 Agosti aliomba kwenda miambani mara ya mwisho, na jamaa zake, Marlys akiwemo, wakampeleka kwa boti. Saa nne asubuhi ufito wake wa kuvulia ulipinda hadi ncha ikagusa maji. Alikataa kusaidiwa. Baada ya robo saa aliibuka samaki mwekundu wa macho ya njano, mrefu kama mkono wa mtu, ambaye sheria hairuhusu kumchukua na ambaye huweza kuishi miaka mia. Mkwewe, Duane, akatoa simu apige picha.

"Weka hiyo simu, bwana. Huyu anakufa, wewe unatafuta mwanga."

"Moja tu, baba. Nani atatuamini?"

"Basi wasituamini. Leta kreti."

Marlys akasema kwamba samaki asiye na picha hahesabiwi.

Kreti ilishuka pima thelathini, samaki akiwa ndani. Wakaivuta. Ilitoka tupu. Shakwe walizunguka, wakaambulia patupu. Delbert alipiga kelele za furaha hadi watu wa boti ya jirani wakasimama kutazama.

Aliaga dunia nyumbani kwake tarehe 23 Agosti, saa tisa alasiri.

Ameacha mjane, Marlys. Binti, Karin, na mkwe, Duane. Wajukuu Britta na Soren. Dada yake Ardis. Na huko chini, kwa kadiri tujuavyo, mzee mmoja mwekundu.

Mungu amshushe salama, ampumzishe kwa amani.