Mwalimu Chikano na Lango la Bibi Orie

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Tomonori, kitinda mimba wa marehemu, na familia imenituma niyasome maisha ya mama yetu, Mwalimu Umezu Chikano, nami nitayasoma kwa sauti kubwa, maana hatukuja hapa kumlilia mtu aliyeshindwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1931, mtaa wa Ishikubo, hapa Hibarino, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Kuwabara Eikichi, mtengenezaji wa mchuzi wa soya, na Bi. Sono, ambaye ukoo wake ndio ukoo wa Bibi Orie, mke wa bwana wa ngome yetu, yule ambaye riwaya moja ilidai kwamba miaka mia nne iliyopita aliwafungulia adui lango kwa ajili ya mapenzi, na mji mzima ukaimeza riwaya hiyo bila kutafuna.

Alisoma shule ya msingi ya Hibarino kuanzia 1937 hadi 1943, kisha shule ya wasichana, na akiwa huko, Oktoba 1947, ikamfikia zamu ambayo ukoo wetu ulibebeshwa kila mwaka, akavalishwa kimono cha Bibi Orie siku ya tamasha la ngome, akasimamishwa langoni na kurushiwa maganda ya figili, huku majirani zake mwenyewe wakimzomea, “Msaliti huyo! Mfungua lango!” Alirudi nyumbani na maganda nyweleni, akamwambia mama yake, “Mama, yule bibi hakufungua kitu, na nitasema hivyo mpaka wachoke wao.”

Alifundisha shule tatu za mji huu kuanzia 1950 hadi 1991, na tarehe 14 Novemba 1954 alifunga ndoa na baba yetu, Umezu Kenpachi, fundi seremala wa majengo ya kale, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu Fusae na mimi.

Juni 1994, baba alipewa kazi ya kulibomoa lango kuu la ngome, lile lile la siku za Bibi Orie, ili alikarabati, na mwaka huo huo zamu ya maganda ilikuwa ya Nodoka, binti wa dada yangu, mwenye miaka kumi na mitano, aliyekuwa ameacha kula kwa hofu. Mama akawa anashinda pale kazini na chakula cha baba mkononi, hadi baba alipobandua ubao wa kiraka kwenye nguzo ya ndani, na chini yake wakaona mti umepasuka vibaya, pale vyuma vya kushikilia komeo vilipong'olewa pamoja na misumari yake, jambo lisilowezekana kama komeo limeinuliwa kwa mikono. Lango lilikuwa limefungwa, ndugu zangu, na lilivunjwa kutoka nje.

Mwenyekiti wa tamasha, Bwana Tadokoro, alicheka akasema, “Mwalimu, hadithi tamu usiitie maji,” naye mama akamjibu, “Tamu kwako, kwani maganda ulirushiwa wewe? Njoo utie mkono humu.” Alikuja, akautia mkono katika ule ufa, kisha akainama mbele ya mama mbele ya mafundi wote. Oktoba ile Nodoka alisimama langoni, na hakurushiwa hata ganda moja.

Baba alitutoka mwaka 2006. Mama alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2021, akafariki tarehe 2 Februari 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali ya mji, akiwa na miaka tisini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ishikubo, walimu wenzake, na Bwana Tadokoro, aliyefika leo kwa mkongojo. Kwa miaka mingi wasichana wa ukoo wetu walijificha tamasha lilipokaribia, lakini Oktoba iliyopita watano waligombea kuwa Bibi Orie, mama akiwatazama kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, akilia na kucheka kwa pamoja.

Mama, umeshinda. Sasa pumzika, pumzika kwa amani.