Taa za Ussi Mdogo

Kijiwe chetu kipo Kibiti, pembeni mwa barabara ya Lindi, kati ya gereji ya Fundi Ussi na meza yangu ya kahawa. Benchi lenyewe ni siti ya nyuma ya basi lililokufa zamani, imewekwa juu ya matofali. Wenyewe ni watatu. Mzee Sadallah anaitwa Redio, hazimwi mpaka adhana. Yussuf anaitwa Dokta, kwa kuwa aliwahi kumuuguza shemeji yake hospitali akarudi na majina ya dawa. Ismaily wa bodaboda anaitwa Mwenyekiti, na hakuna aliyemchagua. Hapo kila kitu hupewa jina la utani: mtu, mbuzi, hata shimo la barabarani. Mimi ni Mama Kashata, na wala sijakasirika.

Mustapha, mfanyabiashara wa mchele, ana gari la michezo jekundu, la zamani. Taa zake zilikuwa zinalala ndani ya boneti. Akiwasha, zinainuka kama mtu anayefumbua macho. Mota ya kuinua taa ya kushoto ilipoanza kufa, taa ya kulia ikawa inainuka yote, ya kushoto inafika nusu na kubaki imesinzia. Fundi Ussi naye, kope la jicho lake la kushoto halinyanyuki tangu azaliwe. Basi benchi halikuhitaji kufikiri. Gari likaitwa Ussi Mdogo. Likipita, wote wanafumba jicho moja kwa pamoja, kicheko mpaka kahawa inamwagika. Fundi alikuwa anacheka nao, kisha anainamia kazi yake kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Hata mwanangu Hanifa, ambaye maneno bado yanampa tabu, alishajifunza. Akisikia tu hilo jina anafumba jicho, anangoja watu wacheke.

Siku hiyo, baada ya alasiri, gari lilikuwa limesimama gerejini, pua imeelekea benchi. Taa za zamani zilikuwa chini, juu ya gunia. Fundi Ussi alikuwa ndani ya gari, kichwa chini ya usukani, anaunga nyaya.

Redio: Mama Kashata, nitilie. Leo nina jambo zito.

Mwenyekiti: Jepesi umewahi kuwa nalo lini?

Redio: Mtazameni Ussi Mdogo! Katolewa macho. Taa mpya zimekaa sawasawa na bodi, ukipitisha kiganja hukwami popote.

Dokta: Hiyo ni operesheni. Kitaalamu inaitwa...

Mwenyekiti: Inaitwa grenda, kaka. Siku zote hizi hatusinzii mchana. Fundi kakata, kafinyanga vyumba vya taa kwa faiba, kaziba kwa puti, kapiga msasa mpaka vidole vimechubuka. Kazi ameifanya, tusimnyime.

Redio: Simnyimi. Nauliza, kwa nini? Mota mpya si ilikuja kutoka Dar? Ile pale dirisha la gereji, kwenye boksi lake, haijaguswa. Angefungiwa hiyo, jicho linanyanyuka, habari imekwisha. Mustapha ana mota mpya mkononi, halafu anang'oa macho yote mawili, mpaka lile zima?

Dokta: Na alivyokuwa akizipenda! Mchana kweupe anaziinua, anazilaza, anaziinua.

Mwenyekiti: Mimi najua. Ni upepo.

Redio: Upepo gani?

Mwenyekiti: Taa zikiinuka zinakuwa mabawa. Siku ile anavuka daraja la Rufiji, magurudumu ya mbele yaliachia lami. Abiria wangu aliona kwa macho yake.

Dokta: Abiria wako alikuwa amefumba macho kwa mwendo wako. Acha fiksi. Sababu ni Rukaya, mkewe.

Mwenyekiti: Rukaya kafanya nini, masikini?

Dokta: Taa zikiinuka, Rukaya dirishani anajua gari linaondoka. Anatoka na kanga yake: baba watoto, safari ya wapi? Sasa gari halifumbi wala halifumbui. Utajuaje kama limelala au liko macho?

Mwenyekiti: Kwani mngurumo hausikii?

Dokta: Mngurumo kauzoea. Sikio likizoea linakufa ganzi, hiyo nimeisikia wodini, hospitali ya Mchukwi.

Redio: Watoto nyie. Tatizo ni kiboko.

Hapo hata mimi niliacha kumimina.

Redio: Kiboko anakaaje majini? Mwili chini, macho juu. Mustapha kapeleka gari kuliosha mtoni, kaziinua taa. Jike la kiboko limeona macho mawili yanachomoza, moja limesinzia hivi, kwa mahaba. Limependa!

Mwenyekiti: Lahaula!

Redio: Mnaona mpunga ulivyokanyagwa kule bondeni? Linatafuta njia ya Kibiti. Mustapha ikabidi ambadilishe sura Ussi Mdogo kabla mchumba hajafika.

Walicheka mpaka Mwenyekiti akashika tumbo, wakafumba jicho moja wote watatu. Mguu wa Fundi Ussi, uliokuwa umetokeza mlangoni, ulijikunja ukaingia ndani ya gari.

Mimi sikucheka. Nilikuwa najua sababu, kwa kuwa niliiona. Asubuhi moja, benchi likiwa bado tupu, Mustapha alikuja na lile boksi la mota kwapani. Fundi alilipokea kwa furaha.

"Hii kazi ndogo, bosi. Saa hizi hizi jicho linarudi kama jipya."

Mustapha alikuwa anamtazama Hanifa wangu, aliyesimama mbele ya gari amefumba jicho moja, anangoja mtu acheke.

"Iweke tu, Fundi," akasema. "Zitoe zote. Nitengenezee taa za kulala ndani ya bodi. Sitaki tena gari lenye macho."

"Lakini unazipenda hizi."

"Nitapenda hizo utakazotengeneza wewe."

Fundi Ussi aligeuzageuza boksi. Kisha akasema, "Ahsante, kaka." Mafundi wote nawajua, ahsante wanaitoa kazi ikiisha. Yeye aliitoa kabla hajashika hata bisibisi, na tangu hapo simsikii tena kumwita Mustapha bosi. Nikambeba Hanifa, nikampeleka ndani.

Nilitaka kuwaambia benchi. Kila nikifungua mdomo nilimwona mwanangu na jicho lake, na kashata niliyokuwa nampa akifanya hivyo. Nikainama, nikapuliza mkaa.

Ndipo bodaboda ikamshusha mama mmoja mtu mzima, miguu bado ina chumvi ya maji ya delta ya Rufiji, kapu la ukindu kichwani.

— Hodi, wanangu.

— Karibu, mama. Shikamoo, wakasema wote, na Mwenyekiti akampisha kwenye siti.

— Marahaba. Mimi Kuruthumu, natoka Mbuchi. Nimeambiwa gereji ya mwanangu iko hapa. Ussi.

Nikamsogezea kikombe, nikamwonyesha gari.

— Ngoja amalize, asije akaharibu kazi ya mtu, akasema, akaketi. — Nyie ndio wa benchi?

— Ndio sisi, mama, Redio akajibu, sauti chini kabisa.

— Alhamdulillahi. Akipiga simu ni nyie tu. Mama usiwe na wasiwasi, hapa nina ndugu, tunacheka kutwa. Basi nikasema siendi mikono mitupu. Huu mchele wake, mpya. Na hawa kamba wakavu ni wenu, nimewakausha mwenyewe.

Akaweka kifurushi katikati ya benchi. Dokta alijivuta pembeni kidogo kama kimemuunguza.

Bi Kuruthumu akalitazama gari, akatabasamu.

— Nimesikia nikishuka mnaliita Ussi Mdogo. Gari zuri hivi limepewa jina la mwanangu! Hebu niambieni nikawasimulie wa nyumbani. Kawafanyia jema gani?

Mwenyekiti alitazama funguo za pikipiki yake. Dokta alikoroga kahawa isiyo na sukari. Redio, mara ya kwanza tangu nimjue, alizimika kabla ya adhana.

Sauti ikatoka chini ya usukani, taratibu.

— Ni kwa kuwa mimi ndiye fundi wake, mama. Hakuna zaidi.

— Nilijua tu, akasema mama, akamgeukia Hanifa aliyekuwa amekuja kushika kapu. — Umesikia, mjukuu wangu? Ussi Mdogo!

Hanifa alisikia. Akainua uso wake kwa yule bibi, akafumba jicho moja, akangoja.

Nilimvuta nikamfunika kwa kanga, lakini nilichelewa. Bi Kuruthumu alimtazama mtoto. Akatazama zile taa za zamani juu ya gunia. Akatupitia sisi kwa macho mmoja mmoja, bila haraka, na mimi nikiwemo. Nilidhani atachukua kifurushi chake. Alikisukuma tu karibu zaidi na Redio.

— Wanataka chumvi kidogo, hawa, akasema. — Msiwapike muda mrefu.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Birika lilikuwa bado nusu.

Ndani ya gari swichi ikalia ta. Mwanga ukatupiga usoni wote, na hakuna aliyeweza kuuangalia.

— Jamani, Fundi akaita kutoka chini ya usukani, zimewaka zote?

Sisi wa kijiwe tulikuwa wanne pale, zimetuwakia usoni.

— Zote, mwanangu, mama yake akajibu. — Zote mbili.