Idi Iliyonikuta Uvunguni

Akina mama, akina baba, wa msikitini na wa kanisani, hamjambo? Mbona mnaitikia kama mmefunga? Hamjambo! Ehe, hapo sawa. Mimi mnanijua, yule Mtanga aliyekuja huku Kongo, hapa Kindu, kusaidia watoto wakati wa vita, akasahau kurudi kwao. Leo nimeombwa niseme jinsi nilivyoanguka, na nitasema, hata wajukuu wakinicheka.

Nilikuja na shirika la misaada, kijana, nimejaa maringo. Wazungu tuliofika nao walibeba vitabu vya kujifunzia Kiswahili. Mimi nikasema, kitabu cha nini? Lugha nimeinyonya kwa mama! Nikapangiwa nyumba ya lishe hapa mtaani Kasuku: kupima watoto waliokonda, kuwachanganyia maziwa, kuwanywesha kwa kijiko. Barabara zilikuwa zimefungwa, mashambani hakuendeki, na chumvi kidogo tu ilikuwa mali.

Siku ya kwanza, mpishi wetu, mama mmoja Mkristo mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, alinitazama akasema, "Njo wewe!" Kwetu Tanga, njoo ni kumwita mtu. Nikaenda, nikasimama mbele yake. Akanishangaa. Kesho yake tena, mbele ya watu: "Njo wewe mama ya maziwa!" Nikaenda tena. Siku ya tano nikamlipukia: "Mimi si mtumwa wako wa kuitwaitwa!" Akageukia sufuria zake. Tangu hapo sikula naye wala sikuzungumza naye. Nikimaliza kazi, najifungia.

Ramadhani ilipokaribia kwisha tulipoteza watoto wawili ndani ya wiki moja. Wa pili alifia mapajani mwangu. Nikavunjika, nasema kweli. Nikajifungia chumbani siku tatu, nikapanga nguo sandukuni, nikawa nangoja ndege ya mizigo inirudishe. Na nilijua vizuri kabisa kwamba vipimo vya maziwa yale navijua mimi peke yangu. Watoto wamelala kule wananingoja, na mimi nakunja khanga.

Asubuhi ya Idi, jua limeshapanda, nikasikia vishindo nje, na sauti: "Njo huku! Njo huku!" Yarabi! Nikajua ni askari, wananiamuru nitoke. Nikaingia uvunguni. Mlango ukasukumwa. Nikaona miguu mingi, yote ya wanawake, yote na ndala. Kisha uso wa mpishi ukainama.

"Mama, uko unafanya nini huko chini?"

"Si mmesema njoo huku?"

"Tulikuwa tunatafuta nyumba yako. Nikaambia wenzangu, njo huku. Njo hii nyumba."

Mama mmoja wa Kiislamu ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Wee! Huyu anazania njo ni kuitwa!" Ndipo akanieleza kwamba njo ya Kindu ni "ndiye", ni "ndiyo". Kumbe siku zote zile mpishi alikuwa akinisifu mbele ya watu: wewe ndiye mama wa maziwa. Ndugu zangu, nawaambia, kwa aibu niliyoisikia ningeweza kurudi uvunguni.

Walikuja na wali, sombe la mawese, ambalo kwetu Tanga ni kisamvu, na samaki wa mto Lualaba. Chumvi ilikuwa imechangwa, kila nyumba imetoa kidogo. Mpishi hakufunga hata siku moja ya Ramadhani, lakini yeye ndiye aliyezunguka kuikusanya. "Huku kwetu," akasema, "muntu hakuli sikukuu peke yake." Nikalia, nikala, nikalia tena.

Halafu akaniambia polepole, "Maziwa tunakisia tu, mama. Watoto hawanywi muzuri." Nikanawa mikono, tukaenda wote. Siku ileile ya Idi nilimfundisha vipimo, yeye na wenzake, ili asiwepo tena mtoto wa kumngoja mtu mmoja aamke. Ndege ikaja, ikaenda bila mimi.

Na waliopona ndio hawa! Yule baba anayejificha nyuma ya mkewe, alikataa kijiko wiki nzima. Leo tazameni bega lile! Najivuna, sifichi.

Mpishi wangu yuko hapa mbele. Amezeeka, sauti bado. Aksanti, mama. Aksanti nyote mliotoa chumvi wakati hamna chumvi. Nilichojifunza ni hiki: neno likikuudhi, uliza maana yake kabla hujanuna. Na aliyekuja kusaidia, naye kuna siku anahitaji kusaidiwa, msiuache mlango wake ubaki umefungwa.

Sasa, wale mabinti wawili pale ni wauguzi wa kujitolea, wamefika juzi kutoka Kenya. Noeli ni keshokutwa, na mama zao wako mbali. Nani atawachukua?

Ee jamani! Shusheni mikono. Ni wawili tu.