Kiti cha Habonimana

Nilimsingizia Habonimana mbele ya hakimu, wanangu, na kabla sijawagawia chochote, mulisikie hilo kutoka kinywa changu minye mwenyewe.

Sikilizeni. Nilikuwa kapita, msimamizi wa vibarua, mu kiwanda cha pamba, na kapita aliyesimamisha mashine alifukuzwa. Kwa hiyo pamba ilipokwama nilimwamuru Habonimana, kibarua wangu, aingize mkono mashine ikiwa inazunguka, nayo ikaula mpaka kiwiko. Kiwanda kikamnyima posho ya ulemavu, eti alikuwa amelewa kasiksi. Akashitaki tribinali ya Uvira. Hakimu akasema yeye hakuja kupima mkono, anaangalia tu kama kiwanda kilikuwa na sababu ya kukataa. Na sababu yenyewe ilikuwa ulimi wangu. Nikashika Biblia nikaapa kwamba nilisikia harufu ya pombe. Kiapo hicho kilinibakizia kazi; kilikulisha weye Clovis, na weye Marie-Rose kilikusomesha.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Vumbi la pamba lilipojaa kifuani mwangu, nami nikadai posho, kiwanda kikasema ni tumbaku, minye ambaye tangu ubatizo sijagusa kiko. Nikashitaki tribinali ile ile, makapita wenzangu wakakataa kunishuhudia. Nao walikuwa na watoto wa kulisha. Aliyekuja kunishuhudia ni Habonimana, shati limekunjwa upande mmoja.

"Kapita," akaniambia mlangoni mwa tribinali, "leo mashine imekukamata weye."

Nikamuuliza kwa nini amekuja.

"Ili siku moja ukweli usemwe mule ndani."

Hakimu akarudia yale yale: kiwanda kina sababu, daktari wake amesema. Tungekata rufaa, lakini vita ya tisini na nane ikaingia, hakimu akakimbia nje ya nchi kupitia Kavimvira, na makaratasi ya tribinali yakafungiwa karanga sokoni.

Shamba la Lubarika ni la Marie-Rose. Nyumba ni ya Clovis. Asiyeridhika aje agombane na kaburi langu, si na ndugu yake.

Kwa padri nimeungama. Kwa Habonimana sijathubutu, na sasa pumzi... ngojeni. Siku ya kuondoa matanga mutauliza, kama desturi, nani anamdai marehemu. Watu watainamisha vichwa kwa heshima, na weye Clovis utataka kufunga haraka kwa sala. Usifunge. Habonimana akisimama, hata akinitukana mbele ya wakwe zenu, musimkatize. Mule tribinali nilimkatiza minye, kwa kiapo changu.

Mungu awafunike, awape... awape vinywa safi kuliko changu.

Mumwekee Habonimana kiti mbele, munyamaze mpaka amalize.