Nani Alichimba Visima vya Wajir

Mwaka ule wa sitini na sita, pale Garissa, palikuwa na benchi moja nje ya duka la fundi cherehani ambapo habari za leo zilikuwa haramu. Amri hiyo haikutoka serikalini. Aliitoa Batula, mwenye jiko na birika, mjane mnene wa sauti ndogo, baada ya mteja wake mmoja kuitaja Mogadishu kwa sauti kubwa asubuhi, na ilipofika adhuhuri asionekane tena. Tangu siku hiyo, aliyetaka kahawa ya tangawizi kwa Batula aliacha barabarani vita vya serikali na waasi wa upande wa Mogadishu. Nani kapigwa, nani kakamatwa, ngamia wa nani wamechukuliwa, hayo hayakuzungumzwa. Ya kale ruksa. "Waliokufa zamani hawana mpelelezi," alikuwa akisema. Basi wanaume wa benchi, ambao ndimi ziliwawasha kama watu wengine wote, wakageuka mabingwa wa historia.

Walikuwa wanne. Barre, fundi mwenye duka, waliyemwita Redio: aliwahi kuwa na redio, betri zikaisha, yeye akaendelea kutoa habari. Korane, dereva wa lori, aliitwa Sajini kwa kuwa alipigana Burma, ingawa cheo chake hakikufika huko. Mdomoni mwake kila p ilikuwa b na kila v ilikuwa f. Maalim Awil, mwembamba kama kalamu yake, alifundisha watoto Kurani. Na Komora, Mpokomo mwenye shamba kando ya mto Tana, ambaye jina lake la benchi lilikuwa Ndizi. Wengine watatu walikuwa Wasomali, na kwa ajili yake benchi liliongea Kiswahili.

Siku hiyo baada ya alasiri Barre ndiye aliyefungua.

— Nauliza. Ni nani alikuwa mtu wa kwanza kumkamua ngamia?

— Mwenye kiu, alisema Komora.

— Fikiri kwanza, Ndizi. Umekutana na mnyama mrefu kuliko nyumba yako. Ana meno, ana teke, anatema. Unamwambia nini mpaka akuruhusu uingie chini yake na bakuli?

— Alikuwa mwanamke huyo, Maalim Awil alisema. Mwanamume angemchinja.

Batula alicheka, akamwongeza Maalim kahawa bila kuombwa.

— Hayo madogo, alisema Korane. Mimi nauliza kubwa. Fisima fya Wajir. Nimefika kule na lori mara ngabi sijui. Fimekatwa kwenye jiwe. Jiwe kabisa, si mchanga. Zamani hakuna baruti, hakuna kitu. Nani alichimba?

— Mungu, alisema Komora.

— Mungu ameumba maji, alisema Maalim. Kuchimba ametuachia sisi.

Barre alisogea mbele.

— Malkia wa Sheba. Alipita pale na ngamia wake akienda kwa Nabii Suleimani. Hili wanalijua hata watoto.

— Kwani Wajir iko njiani kwenda Yerusalemu?

— Alizunguka.

— Malkia azunguke huku kwetu afuate nini?

— Haraka haraka haina baraka, Ndizi. Ndiyo maana akapitia Wajir.

Maalim alitikisa kichwa. Malkia hakushika sururu, alisema. Waliochimba ni majini, waliotumikishwa na Suleimani, na mpaka leo ukiinama juu ya kisima kimojawapo saa sita ya mchana utawasikia wakilalamika juu ya mshahara.

— Siyo, alisema Korane. Ni majitu. Watu wa zamani walikuwa warefu. Babu yangu aliona kaburi lao moja, refu kuliko lori langu.

— Mtu mrefu kuliko lori anaingiaje kisimani? Komora aliuliza. Mdomo wenyewe si mwembamba?

— Walikuwa warefu huku nje. Kule ndani walikuwa wafubi.

— Sajini, hebu sema pilipili, alisema Komora.

— Bilibili. Na usinitoe kwenye mada.

— Na walichimba kwa kucha, Barre aliongeza, maana hakukubali hadithi ipite bila yeye kuweka mkono. Enzi zile mtu anaishi miaka elfu, hakati kucha hata siku moja. Unafikiri inakuwaje? Inakuwa patasi. Jiwe analikwangua kama ukoko wa wali.

— Ndiyo maana wanasema, alisema Korane, mchimba kisima huingia mwenyewe. Maana yake, unachimba kwa kibimo cha mwili wako. Ukitaka kujua mchimbaji alikuwa mtu wa namna gani, tazama kisima.

— Methali hiyo haina maana hiyo hata kidogo, alisema Maalim.

Hapo ndipo Batula alipomwona mwanamke. Alikuwa amesimama kwenye pembe ya duka, na hakuonekana kama mtu aliyefika sasa hivi. Vumbi la safari lilikuwa limemkaa mpaka kwenye kope. Alibeba viatu vya ngozi kifuani, viatu vikubwa vya kiume, kama mtu anavyobeba mtoto. Mchana ule msafara wa malori ulikuwa umeingia kutoka Habaswein ukisindikizwa na askari, na Batula akajua ametoka humo.

— Karibu kikombe, walaal, ndugu yangu, alimwambia.

— Maji kwanza.

Alisema kwa Kisomali cha kule juu, na wote walimwelewa, hata Komora, aliyekua akiisikia lugha hiyo sokoni, kama yeye alivyoelewa Kiswahili chao. Alikunywa akiwa amechuchumaa, akafuta mdomo, akasema anaitwa Nurto, watu wake wako nyikani upande wa Griftu. Kisha akamgeukia Korane.

— Umesema mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Ni methali tu, dada.

— Wangu aliingia.

Batula aliisikia habari ya leo ikija, kama mtu anavyosikia mvua ikivuka mto. Alikuwa na maneno yake tayari, yale ya kila siku: hapa hatuzungumzi hayo. Aliyaleta mdomoni, akamtazama yule mwanamke, akayameza.

— Hao waliochimba jiwe, Nurto aliendelea, ukoo wao umebaki mahali? Natafuta mchimbaji.

— Kisima kimekauka? aliuliza Barre.

— Kimefukiwa.

Akaeleza. Hakupaza sauti wala hakulia, na hilo ndilo lililomtisha Batula.

— Mume wangu, Keynan, alikuwa chini akitoa matope. Kisima chake mwenyewe, alichimba na kaka zake kabla hajanioa. Mimi nilikwenda kurudisha ngamia waliokuwa wametangulia malishoni. Nikasikia bunduki. Nikalala chini ya kichaka mpaka kukawa kimya. Niliporudi, wanyama waliobaki kisimani wamelala wote wamekufa. Na kisima hakuna. Mawe na mchanga mpaka juu. Viatu hivi vilikuwa pembeni, pale anapoviacha siku zote.

Barre alisukuma kikombe chake pembeni.

— Nani? Barre aliuliza, na sauti yake haikuwa ya Redio tena. Nani walifanya?

— Niliwaona kwa mbali wakiondoka. Wanaume wenye makoti na bunduki.

— Makoti ya upande gani?

Batula alimkazia macho, lakini swali lilikwisha toka.

— Makoti, alisema Nurto. Kwa mbali koti ni koti.

Barre alitazama barabara, huku na huku, kisha akatazama magoti yake.

Korane alijaribu.

— Labda alitoka mabema. Labda walimchukua.

— Akaacha viatu?

— Wenye bunduki hawakungoji uvae, alisema Komora polepole.

— Ndiyo. Hilo nalo nimelifikiri. Ndiyo maana sijui.

— Hukujaribu kufukua? Batula aliuliza.

Nurto aliweka viatu mapajani, akanyoosha mikono yote miwili mbele yao. Kucha hazikuwapo. Kwenye vidole vingine ngozi ilikuwa imeanza kufunga, nyekundu na laini kama ya mtoto mchanga. Kwenye vingine ilikuwa bado. Barre, aliyekuwa ametoka kuzungumza habari za majitu na patasi zao, aliinuka, akashika mlango wa duka lake, akakaa tena.

— Nilifukua kwa mikono na kwa bakuli la maziwa. Mchanga unatoka. Mawe hayatoki. Nilimwita kutwa nzima. Nikalala pale juu na sikio langu chini, nikamwita tena.

— Lini haya? aliuliza Maalim Awil.

— Mwezi ulikuwa mchanga.

Mwezi sasa ulikuwa umeisha. Kila mtu kwenye benchi alihesabu kimoyomoyo.

Alikuwa amewaendea watu wa kwao kuomba msaada. Lakini kule watu walikwisha amriwa na serikali kuhamia kijiji kilichozungushiwa seng'enge, na mwanamume akitoka nje na jembe anaulizwa anakwenda kumzika nani au kuficha nini. Mzee mmoja akamwambia Garissa ni mji mkubwa, kuna watu. Akapanda lori.

Maalim aliweka kikombe chini. Alizungumza kwa upole wote aliokuwa nao.

— Dada yangu, dini ni nyepesi. Ipo sala ya maiti aliye mbali. Kesho baada ya adhuhuri tutamsalia hapa, msikiti mzima.

— Sala ya maiti.

— Ndiyo.

— Na kama wamemfunga mahali, yu hai, mtakuwa mmemsalia nini?

Maalim alikiokota kikombe chake, akakirudisha chini.

— Wewe umesoma, alisema Nurto. Sikuja kuuliza nani kafanya. Hayo hata mkijua hamtaniambia. Nauliza dogo. Nivae nyeupe, au nisivae?

Nyeupe ndiyo nguo ya eda. Mjane huivaa mpaka siku zake zitimie, na kila amwonaye hujua.

— Nikiivaa naye yu hai, nimemzika kwa mkono wangu. Nisipoivaa naye yuko kule chini, basi yuko peke yake, hata mjane hana.

— Vitabu, alianza Maalim, vinaeleza juu ya mtu aliyepotea. Mkewe husubiri...

— Hajapotea. Najua mahali.

— Na vinaeleza juu ya aliyekufa.

— Vinasemaje juu ya aliye chini ya jiwe ambalo sikuweza kuliondoa?

Maalim Awil alifungua mdomo. Batula alimjua mtu huyu miaka mingi. Hakuwa amemwona hata siku moja akikosa jibu, liwe la kweli au la kubuni. Alifumba mdomo.

Batula mwenyewe aliivaa nyeupe mumewe alipokufa kwa homa. Aliichukia. Ilikuwa ngumu shingoni, ilionyesha kila tone la mchuzi, na wanawake waliitazama kabla hawajamtazama yeye. Hata siku moja hakuwahi kufikiri kuwa ile ilikuwa kitu alichopewa: kwamba alimwosha mtu wake, akaona wapi anawekwa, na mtu akamkabidhi nguo akamwambia, wewe sasa ni mjane. Aliinama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Komora aliinuka akaondoka bila kuaga. Batula alidhani amekimbia, na hakumlaumu. Muda wa kafyu ulikuwa unakaribia alipotokea tena, anahema, bega limebeba jembe lenye udongo wa shambani bado mbichi. Alilaza jembe mbele ya Nurto.

— Mimi kule siwezi kufika, alisema. Nikionekana, kila upande utaniuliza nafanya nini. Lakini hili linakata.

Nurto alishika mpini, akaupima mkononi.

— Na kamba? aliuliza.

— Ya lori ibo, alisema Korane. Kesho narudi na msafara. Nitakufikisha Habaswein. Kubita hapo sina ruhusa, dada. Wallahi sina.

Barre aliingia dukani. Alikaa humo muda mrefu kwa mtu anayechukua kitu kimoja. Alitoka na kipande cha nguo nyeupe kimekunjwa, akakishika kifuani bila kujua akitoe au akirudishe, akageuza uso pembeni.

— Ni cha kufungia tu, alisema. Kikae nawe. Utaona mwenyewe huko.

Nurto alikipokea. Hakukivaa. Alikifungua kidogo, akavifunga viatu ndani yake, akakaza fundo kwa meno kwa sababu vidole havikuweza.

Alilala kwa Batula. Alfajiri Korane alimpandisha juu ya magunia ya sukari, jembe ubavuni, na msafara ukaondoka kuelekea kaskazini.

Korane aliporudi alieleza mara moja tu, na alieleza barabarani, kabla hajakaa. Pale Habaswein Nurto alishuka, akatundika kamba begani, akashika njia ya magharibi. Askari mmoja alimpigia kelele kwamba huko kumefungwa. Hakugeuka. Yule askari aliinua bunduki, kisha akaishusha, akasema mama huyo ana wazimu, mwacheni. Korane alimtazama mpaka akawa kidoa, mpaka kidoa nacho kikaisha.

Kahawa ya Batula iliendelea. Amri yake hakuitamka tena, na hakusema imeondolewa. Barre alijaribu siku moja kuuliza ni nani alivumbua chumvi. Komora akamwambia bahari, na hapo pakaishia.

Ila kila msafara ukiingia kutoka juu, benchi lote hugeukia barabara. Vumbi likitulia na watu wakianza kushuka, wanaume hutazama nyuso za wanawake. Maalim Awil peke yake haangalii nyuso. Hutazama rangi ya nguo, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho ameshuka.